Muuza leso asifiche jina

Si zamani sana, sisi tuliofundishwa na mwalimu mmoja katika shule ya msingi tulikubaliana kwamba haifai mama yule astaafu bila ya kupewa chochote na wale aliowashika mikono wakachora herufi zao za kwanza. Mchango ulipopatikana, mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu na kwa hivyo nadhaniwa kuwa mjuzi wa maneno, nikatwikwa jukumu la kununua leso. Sikuweza kufunga safari ya kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa ajili ya jozi moja ya leso. Nikafanya kama wafanyavyo wengi siku hizi: nilichukua simu ya mkononi nikaingia mtandaoni.

Huko niliiona leso ya samawati yenye pindo jeupe na korosho zilizopangwa vizuri katika mji wake. Ilikuwa imekunjwa kwa ustadi ili rangi zionekane. Chini ya picha paliandikwa kwamba ni mali safi, bei poa, na kwamba mwenye kutaka kujua bei aje "inbox". Nilikwenda nilikoitwa, nikatajiwa bei, nikalipa kwa M-Pesa, na mzigo ukanifikia siku moja kabla ya hafla. Sikuufungua. Siku yenyewe ilipofika, mwalimu wetu aliikunjua leso ile mbele ya wageni, akaiweka miwani yake sawa, akasoma kwa sauti ile ile aliyotusomea hadithi darasani: "Hasidi hana sababu." Ukumbi mzima ulinyamaza. Heri mwalimu ni mtu mzima aliyeona mengi; alicheka, akatuuliza ni nani kati yetu aliyekuwa hasidi. Wageni nao wakacheka. Mimi ndiye niliyebaki nikitafuta pa kuuficha uso.

Nilipompigia simu muuzaji, niliyekuwa nimejiandaa kugombana naye, nilimkuta kijana mwenye adabu na haya. Aliniomba radhi, akakubali kunirudishia pesa zangu, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Samahani sana, mzee. Mimi huuza rangi. Yale maneno kwa kweli huwa siyasomi."

Kijana huyo hakuwa mwizi wala mvivu. Kosa lake lilikuwa kwamba hakujua anachokiuza. Yeye alidhani anauza kitambaa, ilhali mimi nilikuwa nikinunua maneno. Nimeitafakari kauli yake mara nyingi, na ndiyo iliyonifanya niandike haya. Ninavyoona mimi, biashara ndogo ya mtandaoni, hasa ile inayouza bidhaa mahususi kwa wateja mahususi, ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya mitambo. Na ikiwa hivyo ndivyo, basi wahitimu wetu wa Kiswahili, ambao wengi wao wamekaa nyumbani miaka na mikaka wakisubiri kuajiriwa, wanao mtaji ambao sisi walimu wao hatujawaonyesha.

Wafanyabiashara wa zamani wa leso walilijua jambo hili vizuri. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vilivyoletwa na Wareno, ambavyo kwa Kireno huitwa lenço, wakaviunga pamoja kuwa vazi moja. Neno leso limetoka huko. Baadaye vazi hilo likachapishwa likiwa zima, na mwanzoni mwa karne ya 20 likaanza kuandikwa methali na misemo, kwanza kwa herufi za Kiarabu na kisha kwa hizi za Kirumi. Katika Biashara Street mjini Mombasa lingalipo jina la Kaderdina Hajee Essak, duka ambalo mwanzo wake ni mwaka wa 1887, na ambalo leso zake hutambuliwa kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Tangu hapo kila leso imekuwa na sehemu tatu: pindo, mji, na jina. Nakuomba, msomaji, ulizingatie neno hilo la mwisho. Yale maandishi hatukuyaita pambo wala maelezo, tuliyaita jina. Anayeificha sehemu hiyo katika picha ameliondoa jina la bidhaa yake katika tangazo lake mwenyewe.

Sasa natuitazame biashara yenyewe. Vijana wengi wanaponijia kunieleza kwamba wanataka kuuza vitu mtandaoni, huwauliza swali moja: utamuuzia nani nini? Jibu la kawaida ni kwamba watauza nguo, viatu, simu, vipodozi na chochote kingine kitakachopatikana, na kwamba mteja wao ni kila mtu. Anayejibu hivyo amejitia katika mashindano na kila duka lililoko duniani, lenye bohari, magari na pesa za matangazo ambazo yeye hana. Mwenye mtaji mdogo hana budi kuchagua mahali padogo na kupajua kuliko mtu mwingine yeyote.

Hata wale walio wakubwa leo walianza hivyo. Jeff Bezos alipoianzisha Amazon mwaka wa 1994 na kuifungulia umma milango mnamo Julai 1995, hakuuza kila kitu; aliuza vitabu tu. Alikuwa na sababu. Vitabu vilivyopata kuchapishwa ni vingi kuliko vinavyoweza kuenea katika duka lolote, havivunjiki njiani, na kila kimoja kina jina lake ambalo mnunuzi huweza kuliandika na kulitafuta. Miaka kumi hivi baadaye, mnamo 2004, Chris Anderson wa jarida la Wired aliueleza uchumi huo kwa mfano wa mkia mrefu. Duka la mtaani huweka vile vitu vichache vinavyonunuliwa na wengi, kwa sababu rafu zake ni chache. Mtandaoni rafu hazina mwisho, na kwa hivyo vile vitu vingi ambavyo kila kimoja hutakiwa na watu wachache huweza navyo kupata soko, maadamu wale wachache wanaweza kukipata wanachokitafuta.

Rudia masharti hayo ya vitabu, msomaji, kisha uyapime kwa leso. Leso ni nyepesi, haiozi, haivunjiki. Haina saizi, kwa hivyo hairudishwi kwa sababu imembana mnunuzi. Majina yake ni mengi kiasi kwamba hakuna duka linaloweza kuyatundika yote. Na mwenye kuitaka hujua anachotaka kusema: anataka leso ya kumshukuru mama, ya kumwombea bibi harusi, ya kumjibu jirani mchokozi, au, kama mimi, ya kumuaga mwalimu. Hii ndiyo niitayo biashara mahususi: si leso kwa kila mtu, bali neno fulani kwa mtu fulani katika siku fulani.

Yupo mwanafunzi wangu wa zamani anayeifanya kazi hiyo huko Mombasa. Alihitimu shahada ya elimu, Kiswahili likiwa mojawapo ya masomo yake mawili, akasubiri ajira hadi akachoka kusubiri. Nilipomsimulia aibu yangu alicheka sana, kisha akanieleza jinsi alivyoanza. Nimepata idhini yake ya kuyaandika haya bila ya kumtaja.

Kwanza, hakuanza kwa kununua shehena ya bidhaa wala kwa kumlipa mtu amtengenezee tovuti. Alikwenda katika maduka ya jumla, akaomba ruhusa ya kupiga picha leso 20, zikiwa zimetandazwa zote, jina likisomeka. Alirudi nyumbani akaandika chini ya kila picha mambo matatu: jina lenyewe, maana yake, na shughuli inayoifaa. Mtu alipoagiza, ndipo alipokwenda dukani kununua. Kwa njia hiyo aligundua ni majina yapi yanayotakiwa kabla ya kutia pesa zake ndani ya kitambaa ambacho huenda kingemwozea mkononi kwa kukosa mnunuzi.

Pili, aliichagua siku ya kuanza. Hakuanza siku yoyote tu. Alianza wiki mbili kabla ya Siku ya Akina Mama, ambayo huadhimishwa Jumapili ya pili ya Mei, akiwa na leso tano tu zenye maneno ya kumsifu mama. Wateja wake wa mwanzo walikuwa watu waliomjua: wenzake wa chuoni, majirani, waumini wenzake. Aliwaomba kila mmoja, baada ya kupokea mzigo, aandike kwa maneno yake mwenyewe kama kilichomfikia ndicho alichoagiza. Shuhuda hizo chache zilimfaa kuliko sifa zozote ambazo angejimwagia yeye mwenyewe, kwani mgema akijisifia tembo lake watu hungoja kulionja.

Tatu, na hapa ndipo isimu iliponoga, alitambua kwamba bidhaa yake haina jina moja. Sisi wa Kenya, hasa pwani, husema leso. Mtanzania husema kanga, na kwake yeye leso ni kile kitambaa kidogo cha kufutia jasho au kamasi. Wapo wanaoandika khanga. Wanunuzi wa Dar es Salaam na Zanzibar huulizia doti, wala si jozi. Mswahili aliyeko Maskati, London au Minneapolis ataandika neno alilolizoea nyumbani kwao. Mitambo ya kutafutia habari mtandaoni hutegemea sana maneno yaliyoandikwa. Haifai kuitegemea ikukisie kwamba leso yako ndiyo kanga ya mwenzako. Basi akayaandika majina yote katika maelezo yake, kwa sentensi zilizo kamili na zenye kusomeka, na mara wakaanza kumjia watu ambao hapo awali walikuwa wakipita mlangoni pake bila ya kujua kwamba wamefika. Somo la visawe na lahaja, ambalo wanafunzi hulilalamikia kwamba halina faida, lilimletea wateja.

Natuje kwenye tangazo lenyewe. Linganisha matangazo haya mawili. La kwanza ni la aina tuliyoizoea: "Leso kali kali, mali safi, bei poa, wahi kabla hazijaisha, njoo inbox." La pili ni kama haya: "Leso ya kumuaga mwalimu anayestaafu. Jina: Wema hauozi. Ni pamba tupu, rangi ya samawati na nyeupe, jozi nzima. Bei ni Sh900; gharama ya kutuma ni juu ya mnunuzi. Ukiagiza kabla ya saa sita mchana, mzigo huondoka kwa basi la usiku huo. Ukipokea yenye jina jingine, irudishe kwa gharama yetu."

Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake iliyochapishwa mwaka wa 1975, alieleza kwamba mazungumzo ya binadamu husimama juu ya ushirikiano, na kwamba msikilizaji humtarajia msemaji aseme ya kutosha, aseme kweli, aseme yanayohusika, na aseme kwa uwazi. Lipime tangazo la kwanza kwa mizani hiyo. Halitoshelezi, kwani halisemi ni leso gani. Ukweli wake haupimiki, kwa sababu "kali" na "safi" ni maneno ambayo kila muuzaji huyatumia kuisifu kila bidhaa. La pili halina hata kivumishi kimoja cha kusifu, na bado ndilo linaloshawishi zaidi. Linamtaja mnunuzi, linaitaja siku yake, linaitaja bei, na linatoa ahadi ambayo mwenye kuitoa anaweza kudaiwa. Ndiyo maana nikasema kwamba kutangaza biashara ndogo si kupiga kelele. Mwenye sauti ndogo akipiga kelele sokoni hasikiki; afadhali amwendee anayemhitaji na kumwambia neno analolihitaji.

Juu ya suala la bei nina ugomvi wa wazi na wafanyabiashara wetu. Desturi hii ya kuificha bei na kumtaka mteja aje faraghani imeenea mno. Wapo wanaoitetea wakisema kwamba humfanya mteja azungumze, na kwamba huwazuia washindani kuzijua bei zao. Lakini mteja huisoma vingine. Humwambia kwamba bei itategemea sura yake, lafudhi yake na picha aliyojiwekea katika simu yake. Wengi huondoka kimya kimya, wala muuzaji hajui kwamba aliwapoteza. Isitoshe, Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma, na inalitaka Bunge litunge sheria kuhusu matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Sheria ya Kuwalinda Wateja ya 2012 nayo ina sehemu inayohusu mikataba ya mtandaoni, inayomtaka muuzaji amfichulie mnunuzi habari muhimu kabla ya mkataba kufungwa. Kuitaja bei, basi, si hisani kwa mteja.

Vipi kuhusu matangazo ya kulipia? Hapa vijana wengi huteketeza akiba zao. Kampuni zenye mitandao ya kijamii humwezesha hata mtu mwenye shilingi mia chache kulipa ili tangazo lake lionyeshwe watu wa mahali fulani na wa umri fulani. Jambo hilo si baya. Ubaya ni kwamba kampuni hizo humhesabia mlipaji watu walioliona tangazo na walioonyesha kulipenda, naye hufurahi kama aliyeuza. Kupendwa siko kununuliwa. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme leso inanunuliwa kwa Sh600 na kuuzwa kwa Sh900, na kuifunga hugharimu Sh30. Faida ya kila jozi ni Sh270. Ukilipia tangazo la Sh1,000 likakuletea wanunuzi wawili, umepata Sh540 na kupoteza Sh460, hata kama waliolipenda tangazo lako ni elfu mbili. Likikuletea wanunuzi watano, umepata Sh1,350, na baada ya kuondoa gharama ya tangazo umebaki na Sh350. Huyo mwanafunzi wangu hufanya hivi: huandika matangazo mawili ya bidhaa ile ile, akayalipia kiasi kidogo sawasawa, akamuuliza kila mnunuzi ni lipi lililomleta. Lililoshindwa huliacha. Wateja walionunua mara ya kwanza huwaandikia mwenyewe, bila ya malipo, wakati wa harusi na sikukuu unapokaribia. Na hao ndio wanaorudi.

Hata hivyo, huwaandikia wale tu waliomruhusu. Nalisema hili kwa sababu imekuwa mazoea mtu akinunua kitu kimoja hujikuta ametiwa katika kundi la simu lenye watu mia mbili asiowajua, nambari yake ikiwa wazi kwa wote. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahitaji idhini ya mtu kabla ya habari zake binafsi kutumiwa kwa biashara. Nambari ya mteja ni amana, wala si mali ya muuzaji.

Uaminifu pia una upande wa pili. Mnunuzi wa mbali anaogopa kutuma pesa kisha akose mzigo. Muuzaji anaogopa kutuma mzigo kisha akose pesa. Zilipokuja huduma za M-Pesa mwaka wa 2007, umbali wa pesa ulikwisha, lakini umbali wa imani haukwisha. Dawa yake ni utaratibu unaojulikana mapema. Mnunuzi wa mjini hulipa anapopokea. Wa mbali hutuma nusu, akatumiwa picha ya risiti ya kampuni ya mabasi iliyobeba mzigo, kisha akamaliza nusu iliyobaki. Biashara nayo isajiliwe jina kupitia eCitizen, ili mnunuzi ajue kwamba anashughulika na mtu anayepatikana. Yote haya yaandikwe mahali pamoja, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kabla ya swali kuulizwa.

Najua nitapingwa. Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakiuzi, kwamba vijana wanataka Sheng na wenye pesa wanataka Kiingereza. Nawakumbusha kwamba huduma ya fedha iliyoitangaza Kenya duniani haikujiita kwa Kiingereza kitupu. Iliazima herufi moja ya ugenini ikaiunganisha na neno pesa, na ilipotaka kuingia madukani mwaka wa 2013 ikasema "Lipa na". Hata hivyo sisemi kwamba tuwe washupavu. Mjukuu aliyezaliwa Marekani, anayetaka kumpelekea nyanya yake leso, huenda asiyaelewe maneno yake, na ni haki yake kutafsiriwa. Kijana anayewauzia vijana wenzake fulana na aseme nao kwa Sheng yao. Kanuni ni ile ile: sema lugha ya yule unayemuuzia, na uiseme kwa ukweli. Ninachokipinga ni kuacha Kiswahili sanifu kwa kudhani kwamba ni lugha ya mitihani tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami sitaki kulikwepa. Mwalimu asiye na kazi ataniuliza: je, unatuambia tuuze leso ili serikali isituajiri? La hasha. Madarasa yetu yamefurika wanafunzi, na mwalimu aliyesomeshwa kwa gharama kubwa anastahili kuwa mbele ya wanafunzi hao. Biashara ndogo haifuti deni hilo. Tena si kila atakayeanza atafaulu. Wapo watakaojaribu bidhaa mbili tatu kabla ya kupata inayowafaa, na wapo ambao hawatapata kabisa. Lakini haki ya kudai ajira na haja ya kula leo jioni haziondoani.

Ninalowaomba walimu wenzangu ni dogo. Katika shule zetu za upili tumekuwa tukifundisha tangazo kama sehemu ya uandishi wa kiuamilifu, na katika isimujamii tukafundisha sajili ya biashara. Tunafundishaje? Tunawakaririsha wanafunzi kwamba lugha ya biashara ni ya kushawishi, huchanganya ndimi na hupiga chuku, wakaandika sifa hizo katika mtihani wakapata alama zao. Tumewafundisha kuitambua chuku. Je, tumewafundisha kuandika tangazo lisilo na chuku na likauza? Hebu mwalimu awatume wanafunzi wake watafute bidhaa moja ya mahali pao, iwe ni mikeka, asali, vyungu au mbegu za mboga za kienyeji. Wawaulize wanunuzi watano huiita kwa jina gani na huinunua kwa sababu gani. Kisha waandike maneno 60 yenye jina, matumizi, bei na ahadi, bila ya kivumishi cha kusifu. Kipindi kimoja kinatosha. Atakayeliweza zoezi hilo atakuwa ameshika kazi mkononi, pawe na ajira au pasiwe.

Nanyi wanafunzi, msidharau mnachokijua. Yule kijana aliyeniuzia hasidi alikuwa na simu nzuri kuliko yangu, na picha zake zilikuwa safi. Alichokosa ni kusoma neno lililokuwa mbele ya macho yake na kujiuliza linamfaa nani. Kusoma neno na kulijulia mahali pake ndiko tunakowafundisha kila siku.

Kwa mwalimu wangu nilirudi baada ya mwezi mmoja. Nilimpelekea jozi nyingine, niliyoinunua kwa mwanafunzi wangu wa zamani, na safari hii niliikunjua kwanza na kuisoma: "Wema hauozi." Nilimwomba anirudishie ile ya kwanza ili nimwondolee aibu nyumbani mwake. Alikataa katakata. Aliniambia kwamba ya pili ataivaa kanisani, na ya kwanza ataendelea kuivaa anapokwenda sokoni, kwa kuwa huko ina kazi yake. Alivyokuwa darasani ndivyo alivyo hadi leo: hakuna neno analolitupa, maadamu amelipatia wa kuambiwa.